Maradhi ya Mizizi, Majini na Udongoni



Miongoni mwa mashaka yampatayo mkulima, sijui moja limvunjalo moyo kuliko lile la mmea uliotunzwa kwa adabu zake zote, ukapewa maji kwa wakati, mbolea kwa kiasi na palizi kwa zamu, kisha ukanyauka mchana kweupe. Na ulipong'olewa, na pahali pake pakapandwa mwingine, huo wa pili nao ukaifuata njia ya wa kwanza. Mkulima huyu aghalabu huja na swali moja tu, nalo ni apige dawa gani. Nimeombwa leo nilijibu swali hilo, na kwa kuwa sipendi kuwaweka roho juu, nasema mapema kwamba dawa ni jambo la tatu. La kwanza ni kumtambua muuaji, la pili ni kuyajua makazi yake. Kwani maradhi ya mizizi ni mali ya mahali kabla ya kuwa mali ya mmea, na mche tunaoupanda ni mgeni aingiaye katika nyumba yenye wenyewe.

Tuanze na utambuzi, ambao hautaki zaidi ya kisu kikali, bilauri ya maji safi na macho ya mtu asiye na haraka. Uchimbue mmea mgonjwa pamoja na udongo wake, usiuvute kwa shina, maana mizizi iliyooza hukatikia chini na ushahidi wote ukabaki shimoni. Ikiwa ni mnyanya, na majani yamekuwa manjano upande mmoja wa tawi ilhali upande wa pili ungali kijani, pasua shina kwa urefu, juu kidogo ya ardhi, utazame chini ya ganda: mistari ya rangi ya kahawia ipandayo na mishipa ya maji ndiyo alama ya mnyauko fusari. Lakini ikiwa mmea umelegea wote kwa mara moja na majani yake yangali mabichi, kata kipande cha shina cha urefu wa kidole, ukitundike katika bilauri ya maji pasipo kukitikisa. Ukiona baada ya dakika chache ute mweupe ukichuruzika kutoka penye jeraha na kushuka chini, yakinisha kwamba huo ni mnyauko bakteria, wala hapana dawa ya ukungu duniani itakayoufaa. Fedha iliyokwisha kumwagwa mashambani kwa kunyunyizia bakteria dawa za ukungu ingetosha kununua bilauri nyingi sana.

Ugonjwa wa tatu ni ule wa mizizi yenyewe kuoza, na huu ndio uliokithiri kwa wenye kulima majini. Ung'oe mche wa saladi, ushike mzizi mmoja mwembamba kati ya kucha mbili, uuvute taratibu. Mzizi mzima, mweupe, utakataa; mzizi ulioliwa na Pythium utavuka ganda lake lote, laini, lenye rangi ya chai, na mkononi mwako utabaki uzi wa katikati peke yake. Pythium huyu ndiye pia mmoja wa waletao kinyausi katika kitalu, kile kiuangushacho mche mchanga usawa wa ardhi siku chache baada ya kuchomoza.

Tumezoea kumwita kuvu, na kwa sura amefanana nazo, lakini wataalamu wamemtoa katika ukoo huo: ukuta wa chembe zake umejengwa kwa selulosi, ilhali kuvu za kweli hujenga kwa kitini, na nasaba yake iko karibu zaidi na mwani wa kahawia wa baharini kuliko uyoga. Mtu angeweza kudhani kwamba nasaba ni habari ya vitabuni, isiyomhusu mwenye bomba la dawa mgongoni. Kumbe yamhusu sana. Dawa za jamii ya benomili, ambazo zimewatumikia wakulima wengi dhidi ya kuvu, hazimgusi Pythium. Na zile ziuazo kwa kuzuia utengenezaji wa steroli hazina la kuzuia kwake, kwa sababu yeye hatengenezi steroli. Tena huenda zikamfaa, madhali zinawaua kuvu wengine waliokuwa wakimbana. Metalaksili, iliyoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1970, ilimpata barabara. Lakini haikupita miaka mingi kabla ya kuzuka, katika jamaa zake na kisha katika yeye mwenyewe, aina zisizoijali, na mahali ilipotumiwa bila ya kubadilishana na nyingine imekuwa maji matupu.

Sasa tuingie majini. Kilimo cha kuotesha mimea katika maji yenye madini, bila ya udongo, kilitolewa maabara na kupelekwa kwenye biashara na William Gericke wa Chuo Kikuu cha California, aliyetangaza kazi yake mwaka 1929, na jina la haidroponiki likaanza kutumika mwaka 1937. Baadaye Allen Cooper, huko Littlehampton, Uingereza, akaistawisha njia ya kupitisha maji membamba katika mifereji yenye mizizi, ambayo leo imeenea hata katika vibanda vya mjini kwetu. Hoja mojawapo iliyowavuta watu ilikuwa hii: kwamba anayeuacha udongo ameyaacha nyuma na maradhi ya udongoni. Ilikuwa hoja ya kupendeza, na nusu yake ni kweli. Nusu iliyosalia ni kwamba Pythium hahitaji kuja na udongo mwingi. Chembe ya vumbi chini ya kiatu yamtosha. Maji ya bwawa yamtosha. Trei ya miche iliyooshwa nusu nusu yamtosha. Na wale vijinzi vyeusi wanaopenda ukijani wa mwani huweza kumbeba, na mabuu yao huitafuna mizizi na kumfungulia njia.

Akishafika, anakuta neema asiyoipata popote. Hutoa spora zenye mikia miwili, ziogeleazo, ambazo huhisi utamu unaovuja katika ncha za mizizi na kuufuata. Katika tuta la udongo safari hiyo ni ya vidole vichache, tena njiani pana wenye kumla na wenye kushindana naye. Katika mfereji wa maji yanayozunguka, pampu ya mkulima mwenyewe humchukua kutoka mche wa kwanza hadi wa mwisho kwa muda wa kunywa kahawa, wala hapana mtu wa kumuuliza aendako. Hii ndiyo tofauti kubwa baina ya majini na udongoni, na naomba tuishike, kwani yote nitakayoyasema baadaye yametoka hapo: maji safi ni nyumba isiyo na majirani.

Liongezeeni hilo joto. Maji ya nyuzi 20 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubaki 7 na nusu hivi, ilhali mzizi, kwa sababu ya joto lile lile, huvuta pumzi kwa nguvu zaidi na kuhitaji oksijeni nyingi kuliko kwanza. Mzizi uliokosa hewa huvuja sukari, na kuvuja huko ndiko kumwitako adui. Tena katika jamaa za Pythium yuko mmoja, aphanidermatum, ambaye raha yake hasa ni nyuzi 30 na kuzidi. Basi anayeweka tangi jeusi juani, Dar es Salaam au Mombasa, katika miezi ya kaskazi, asimtafute mchawi. Na alizike tangi ardhini au alijengee kivuli, apake chokaa nyeupe mabomba yaliyo wazi, aifupishe mifereji na kuipa mteremko ili maji yasilale, ayadondoshe kwa kishindo yarudipo tangini ili yachukue hewa, na ayafunike yasipate mwanga wa kuotesha mwani. Haya hayana fahari ya chupa yenye maandishi, lakini yanafanya kazi usiku na mchana. Klorini ina wakati wake, nao ni baina ya mavuno na mapando, mifereji ikiisha kumwagwa, kusuguliwa, kuondolewa kila kipande cha mzizi na kuanikwa juani. Kuimimina juu ya mizizi iliyo hai, kwa kiasi cha kumwua Pythium, ni kuiunguza mizizi pamoja naye.

Wengi wetu pwani hutumia vumbi la makumbi badala ya udongo, na ni kitu chema, chepesi, chenye kushika hewa na maji pamoja. Ila makumbi yaliyofukiwa ufukweni miezi kadhaa ili yatoe usumba wa kusokotea kamba yamekunywa bahari, na chumvi yake huuchoma mzizi mchanga na kumfungulia mlango Pythium. Yalowekwe na kuoshwa kwa maji matamu, tena na tena, mpaka maji yatokayo yasiwe na ladha ya chumvi ulimini. Na mfuko uliokwisha kuzaa mgonjwa usipandwe tena.

Udongoni mambo ni mengine. Hapa bingwa wa kudumu ni fusari, kuvu ya kweli, ambayo chakula kikimwishia hujifunga katika vifuko vyenye ukuta mnene viitwavyo klamidospora, akalala humo miaka mingi akingoja mzizi wa aina yake upite karibu. Kupumzisha shamba misimu miwili au mitatu, ambako hufaa kwa maradhi kadha wa kadha, kwake ni usingizi mfupi. Na katika kupumzika huko huweza kuishi katika mizizi ya magugu ambayo hayaonyeshi dalili yoyote. Ithibati kubwa ya ukaidi wake ni habari ya ndizi za Gros Michel, zile ambazo Uganda huitwa bogoya. Mnyauko uliotajwa kwanza Australia katika miaka ya 1870 ulizipiga Panama na Costa Rica mwishoni mwa karne ile. Makampuni yakawa yanakata misitu mipya na kuyahama mashamba yaliyougua, mpaka kufikia miaka ya 1960 biashara ya dunia ikasalimu amri na kuhamia migomba ya Cavendish. Leo kuna kizazi kingine cha kuvu hiyo hiyo, kiitwacho mbari ya 4 ya kitropiki, kinachoiua hata Cavendish. Kilitoka Asia, kikathibitishwa Msumbiji mwaka 2013 na Kolombia mwaka 2019. Kutoka Msumbiji hadi Mtwara si mbali kwa mtu mwenye udongo chini ya viatu vyake.

Mbele ya adui wa namna hii, fikira ya kwanza ya mwanadamu ni kuteketeza. Udongo ulichomwa kwa mvuke, ukafukizwa kwa gesi, na gesi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa bromidi ya methili, ambayo hata mashamba ya maua ya Kenya yaliitumia kwa wingi. Ilikomeshwa kwa sababu ya angani: iliingizwa mwaka 1992 katika Mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea zikapewa mpaka mwaka 2015. Lakini hata kabla ya mkataba, wenye macho walikuwa wameona kasoro yake. Udongo uliofukizwa ulitoa mazao mazuri mno msimu wa kwanza. Kisha, fusari akirejea, ama kwa mche mgonjwa ama kutoka kina ambacho gesi haikukifikia, alienea kwa kasi ambayo hakuwa nayo zamani. Na kwa nini asienee? Tulimfungulia nyumba tuliyoihamisha watu wake wote.

Hapa ndipo penye moyo wa mhadhara wangu. Kusini mwa Ufaransa, karibu na Avignon, uko mji wa Châteaurenard ambao wakulima wake walipanda matikiti mwaka hadi mwaka, na ijapokuwa fusari alikuwamo udongoni, mimea haikunyauka. Wataalamu wa Dijon, Louvet na Alabouvette na wenzao, waliuchunguza udongo huo kuanzia miaka ya 1970. Walipoupasha moto, kinga ikatoweka. Walipochanganya kiasi kidogo cha udongo ule mbichi katika ule uliopashwa moto, kinga ikarudi. Kwa hiyo iliyokinga haikuwa madini wala mfinyanzi peke yake. Ilikuwa ni wakazi, na miongoni mwao walikuwamo fusari wengine wasiodhuru, walioila sukari ya mizizini na kukalia nafasi zile zile ambazo fusari mwuaji alizitaka. Ajabu nyingine imo katika ngano. Iko kuvu iozeshayo mizizi yake ikawa myeusi. Mtu akipanda ngano juu ya ngano, ugonjwa huzidi miaka michache ya mwanzo mpaka akate tamaa, kisha, asipokata tamaa, hupungua wenyewe, kwa kuwa bakteria wa jamii ya Pseudomonas wamekwisha kuongezeka mizizini na kutoa sumu ya kuizuia. Mkulima aliyebadilisha mazao au kufukiza udongo katika mwaka wa ugonjwa mwingi huanza hesabu upya.

Na ili msidhani kwamba habari hizi ni za Wazungu na ngano zao, tazameni chai. Kuvu ya Armillaria, ambayo hukaa katika visiki na mizizi ya msitu uliokatwa, imewasumbua wapandaji chai wa Afrika Mashariki na Nyasa, kwani huvuka kutoka kisiki hadi kichaka kwa nyuzi nyeusi zitambaazo udongoni. R. Leach, aliyefanya kazi Nyasaland, ambayo ni Malawi ya leo, alionyesha katika miaka ya 1930 tadbiri isiyogharimu dawa hata tone: miti ya msitu ivuliwe gome kwa kuzungushwa, ikiwa ingali imesimama, muda mrefu kabla ya kuangushwa. Mti uliovuliwa gome hauwezi kupeleka chakula mizizini. Mizizi humaliza wanga wake wa akiba. Na ikifa hivyo, ikiwa mikavu na maskini, huwahiwa na kuvu nyingine za kuozesha zisizodhuru chai, Armillaria akifika akakuta mahali pamekwisha kukaliwa. Huyo ni mtu aliyeshinda kwa kuwaita wapangaji wengine mapema.

Kutokana na haya twaweza kutoa nasaha za shambani. Mboji iliyoiva vizuri na matandazo ni chakula cha majirani wema, na Queensland, Australia, alikuwako mkulima wa maparachichi, Ashburner, aliyestawisha miti yake kwa mazao ya kufunika ardhi, samadi ya kuku na chokaa ya dolomaiti katika nchi ambayo Phytophthora, ndugu yake Pythium, ilikuwa ikiyamaliza mashamba ya wenziwe. Mboji mbichi, kinyume chake, ni karamu ya Pythium, kwa hiyo asiyeweza kungoja iive ni heri aiache. Kwa mnyauko fusari wa nyanya, chokaa ya kuufikisha udongo karibu na 6.5 au 7 ya kipimo cha uchachu, pamoja na naitrojeni ya naitrati badala ya ile ya amonia, hupunguza ugonjwa kwa kadiri ya kuonekana. Msimu wa kaskazi ukifika, udongo uliomwagiwa maji ukafunikwa kwa nailoni angavu wiki 4 hadi 6, kama alivyoonyesha Katan wa Israel mwaka 1976, hupata joto la kuua wengi wa wabaya na kuwaacha wazima wengi wa wagumu walio wema, wakiwamo trikoderma. Naipenda njia hii kuliko mvuke kwa sababu ya huruma yake, ingawa fusari aliye chini sana huokoka.

Mbegu zenye kustahimili ni neema, lakini neema yenye muda: nyanya zilizopewa kinga ya fusari zilikuwa ngeni sokoni ilipobainika huko Marekani mwaka 1945 mbari ya pili isiyoitambua kinga hiyo. Kubebesha ni hila ya uhakika zaidi. Wajapani tangu miaka ya 1920 hubebesha tikiti maji juu ya mung'unye, ambao mizizi yake fusari wa tikiti haiwezi. Na ziko njia za kuusambaza ugonjwa ambazo hatuzioni kuwa ni njia. Mnyauko wa kahawa, uliotambuliwa kwanza Ubangi-Shari, Afrika ya Kati, mwaka 1927, ukaonekana Uganda mwaka 1993 na kuvuka hadi Kagera, ulisafiri kwa panga lililokata mti mgonjwa likaenda kupalilia mzima, na kwa kuni: mbuni uliokufa ni kuni nzuri, nao ulibebwa begani, ukimwaga spora, kupita katikati ya mashamba ya watu. Mti wa namna hiyo huchomwa pale pale ulipofia. Panga huoshwa na kupitishwa motoni; matuta mazima hutembelewa asubuhi na yenye wagonjwa mwisho wa siku, bila ya kurudi nyuma.

Mtaniuliza, ikiwa nguvu ya udongo ni majirani, je, mwenye kulima majini ahukumiwe kuishi kwa klorini daima? Hapana, na hili limenifurahisha kuliko mengine yote. Mnamo mwaka 1829 James Simpson aliijengea kampuni ya maji ya Chelsea, London, chujio la mchanga lipitishalo maji polepole. Na karne moja na nusu baadaye wataalamu wa Geisenheim, Ujerumani, walilijaribu chujio hilo hilo kwa maji ya mimea, wakaona linazuia Pythium na Phytophthora, ingawa kwa fusari, virusi na minyoo ya mizizi halina nguvu ile ile. Ni pipa au tangi lenye mchanga laini wa kina cha karibu mita 1, juu yake maji, chini yake kokoto na bomba. Hupitisha lita 100 hadi 300 kwa saa kwa kila mita ya mraba, wala lisiharakishwe. Kazi haifanywi na mchanga peke yake. Hufanywa zaidi na utando wa viumbe hai unaojijenga juu yake, yaani majirani wale wale wa udongoni, waliopata mahali pa kukaa.

Mchanga wa ufukweni haufai, maana wetu umetokana na matumbawe, na chokaa yake itayeyuka katika maji yenye mbolea na kuuharibu uchachu wake. Utafutwe mchanga wa mto, uchekechwe na kuoshwa mpaka maji yake yawe meupe. Utando ukizidi unene, maji hupungua kasi, na hapo hukwanguliwa sentimita 1 au 2 za juu tu, si zaidi. Baada ya kuukwangua, maji yatokayo yarudishwe juu ya chujio kwa siku kadhaa kabla ya kupelekwa kwenye mimea, ili wakazi wapya wapate kujaa.